Nyonga imepona ila mguu unawaka moto: namna ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu baada ya kuwekewa nyonga ya bandia

Mama yangu aliwekewa nyonga ya bandia mwaka juzi mwezi wa tano, aliteleza kwenye mteremko wa kushuka mgombani kule Kibosho, Moshi, mfupa wa paja ukavunjika pale juu karibu na nyonga, operesheni ikaenda vizuri, kidonda kikafunga, nyuzi zikatolewa, tukarudi nyumbani tunashukuru Mungu. Wiki ya tatu hivi usiku wa manane nasikia anapiga kelele chumbani, nakimbia nikijua ameanguka, kumbe ni kanga. Nilikuwa nimemfunika miguu kwa kanga kuukuu, laini ile iliyofuliwa mpaka maandishi hayasomeki, imemgusa ugoko anasema ni kama nimemmwagia maji ya ugali. Nyonga yenyewe wala haimuumi.

Mimi sio daktari, nimekaa tu sana kwenye mabenchi ya kliniki nikiuliza maswali, na kuna mambo ambayo kama mtu angetuambia mwezi wa kwanza tungeokoa hela na machozi. Ndo nayaandika hapa kwa yeyote anayeuguza mzazi au anayeumwa mwenyewe.

Shida inaanzia kwenye neno mshipa

Kwa Kiswahili mshipa wa damu ni mshipa, msuli ukikaza watu wanasema mshipa, nevu, yaani mshipa wa fahamu, nayo mshipa, mwanaume akiwa na ngiri nayo wanasema ana mshipa. Sasa ukiingia kwa dokta ukasema "mishipa inamuuma" hujasema kitu, na ukisema hivyo duka la dawa unapewa diklofenaki unaenda zako. Sisi tulipewa hivyo, sehemu sitaitaja, sindano na vidonge karibu mwezi mzima, mguu haukupungua kuwaka hata kidogo ila tumbo likaanza kumchoma na presha ikapanda. Na wakati huo alikuwa bado anameza dawa ya kuzuia damu kuganda waliyompa baada ya operesheni, kumbe hiyo ukichanganya na diklofenaki unaongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na hakuna aliyetuuliza anatumia nini kingine. Siku hizi nikienda famasi nabeba maboksi yote kwenye rambo.

Kwa hiyo jifunze kuyaelezea maumivu yenyewe. Maumivu ya kidonda au mfupa ni ya kuuma kwa uzito, ukijigeuza yanazidi, ukitulia yanapoa, na kila wiki yanashuka. Ya nevu yana tabia zake: yanawaka, yanapiga shoti kama umeme kutoka takoni mpaka kidole gumba, yanachomachoma sindano, kama siafu wanatembea ndani ya ngozi, sehemu nyingine ganzi kabisa na hapohapo inauma (najua haiingii akilini ila ndivyo ilivyo), na kitu laini kikigusa kinauma. Mara nyingi usiku ndo yanachachamaa, mtu ametulia tuli kitandani hajafanya chochote.

Mwambie dokta maneno hayohayo ya mgonjwa, usiyatafsiri. Mama alisema "kuna waya umekatika huku ndani unagusana gusana", daktari aliposikia hivyo akaacha kuandika akainua kichwa, akamwambia vua soksi.

Inatokana na nini

Nevu kubwa ya mguu, nene kama kidole, inapita nyuma ya nyonga pale karibu kabisa na sehemu wanayofanyia kazi. Wakati wa operesheni inaweza kuvutwa mguu ukirefushwa, ikakandamizwa na vyuma vya kupanulia kidonda, au damu ikavilia pembeni yake ikaibana. Mara nyingi sababu hasa haipatikani, na haimaanishi daktari alikosea. Wenye shida kubwa ya nevu ni wachache, kama mmoja au wawili kwenye watu mia, ila waliorudiwa operesheni ni zaidi.

Sehemu inayouma inasema ni nevu ipi. Nyuma ya paja, ugoko, juu ya unyayo na vidole kushindwa kupanda, ni hiyo kubwa ya nyuma. Mbele ya paja kufa ganzi na goti kukunjika lenyewe ukipanda ngazi, ni ya mbele. Pembeni ya paja tu, eneo kama la kiganja linawaka au lina ganzi bila mguu kuishiwa nguvu, hiyo ni ya ngozi tu, inasumbua ila haitishi, inawapata zaidi waliopasuliwa kwa mbele. Na kale kaganzi kanakozunguka kovu ni kawaida, usikalilie.

Ila kuna mengine yanajifanya nevu ya nyonga na sio. Mgongo wa chini, maana wazee wengi wenye nyonga mbovu na pingili zimechoka, sukari, upungufu wa vitamini B12 hasa aliyetumia metformini, dawa ya sukari, miaka mingi, virusi vya ukimwi na baadhi ya dawa zake za zamani. Kama miguu yote miwili inawaka kuanzia nyayo kupanda juu usilaumu operesheni, kapime sukari kwanza.

Hizi hazingoji kliniki ya mwezi ujao

Unyayo umeishiwa nguvu ghafla, yaani jana alikuwa anauinua na leo hawezi. Ganzi sehemu za siri au mkojo na choo kugoma au kutoka bila kujua. Homa, kidonda kutoa usaha au maji, nyonga kuwa nyekundu ya moto. Shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, au kifua kubana na pumzi kukata, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Mguu kuonekana mfupi au umegeuka na hawezi kukanyaga, nyonga inaweza kuwa imechomoka. Hapo ni emejensi usiku uleule, usisubiri kupambazuke, usianze na kukanda.

Dawa, na vita ya ukoo

Panadol na diklofenaki zinafanya kazi kwenye kidonda na uvimbe, kwenye nevu hazina msaada wa maana. Dawa za nevu ni kundi lingine, na hapa ndo familia nyingi zinakwama, sisi nusura tugombane.

Daktari alimuandikia amitriptilini, kidonge cha 25, ameze nusu usiku. Kaka yangu aliyeko Arusha akasoma karatasi ya ndani ya boksi, akaona imeandikwa ni ya sonona, akapiga simu anafoka, "mnampa mama dawa za vichaa?" Shangazi naye akaongezea lake kwamba ukishaianza huachi. Mama akasikia, akaanza kuzificha chini ya godoro, nimezikuta sita siku natandika kitanda. Ikabidi turudi kliniki na kaka kwenye spika, daktari akaeleza taratibu: dawa hii iligunduliwa kwa kazi hiyo ndiyo, ila kwa dozi ndogo inapunguza makelele ya nevu kabla hayajafika kwenye ubongo. Vilevile gabapentini na pregabalini zimeandikwa za kifafa, na hakuna anayesema una kifafa. Duloksetini nayo imeandikwa ya sonona, ni hivyohivyo. Ukiandikiwa mojawapo mpigie simu yule ndugu msumbufu wewe mwenyewe mapema, kabla hajasoma karatasi.

Dozi ya mama sio dozi yako, ila namna ya kuzitumia hazitofautiani sana. Zinaanzwa kidogo na kupandishwa polepole kila baada ya siku kadhaa au wiki, kwa hiyo usiseme haifanyi kazi siku ya tatu, ipe wiki mbili mpaka nne kwenye dozi inayoeleweka, amitriptilini inaweza kuchukua hata wiki sita. Wala usitegemee maumivu yaishe kabisa, yakishuka kutoka nane hadi nne na mtu akalala, dawa imefanya kazi. Usiache ghafla, inashushwa kama ilivyopandishwa.

Amitriptilini inakausha mdomo, inaleta usingizi na choo kigumu. Mama tulimpa saa moja jioni badala ya saa nne, ule usingizi mzito wa asubuhi ukapungua, na papai kila siku. Mwenye presha ya macho, tezi dume au moyo unaodunda ovyo lazima amwambie daktari kabla. Gabapentini na pregabalini zinaleta kizunguzungu na miguu kuvimba kidogo, na mwenye figo dhaifu dozi inapunguzwa, kwa hiyo ulizia kipimo cha figo. Kuchanganya hizo na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, bila daktari kujua ni hatari, mtu anaweza kulala pumzi ikapungua mno, na tramadoli pamoja na amitriptilini au duloksetini nayo inaweza kuleta degedege. Mbege pia, pombe yetu ya ndizi, samahani wazee wangu, kikombe kimoja cha mbege juu ya dawa hizi na mteremko wa kihamba, shamba la nyumbani, unarudi kupasuliwa.

Kizunguzungu cha usiku ndo nilikiogopa kuliko yote. Tuliweka ndoo ya kukojolea yenye kiti pembeni ya kitanda, taa ya kuchaji inayowaka usiku kucha, na kapeti tukaliondoa.

Zile sindano nyekundu za vitamini B watu wanazipenda sana, zinasaidia mwenye upungufu. Asiye na upungufu asitegemee makubwa, na vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu nevu zilezile unazotibu. Ipo krimu ya pilipili ya famasi na plasta za ganzi, zinafaa pale maumivu yalipo kwenye eneo dogo, kidonda kiwe kimefunga kabisa, unanawa mikono na sabuni kabla hujagusa jicho. Nimesema ya famasi, sio uponde pilipili mbuzi upake, kuna jirani alifanya.

Kuchua

Kila mgeni aliyekuja kumsalimia alijua mchuaji, yuko Rau, yuko Tengeru, ana mafuta sijui ya nini, anaunyoosha mshipa unasikia unalia ko! Ndugu zangu, huo mlio kwenye nyonga ya bandia unaweza kuwa ni kile kichwa cha duara kimetoka kwenye kikombe chake. Hakuna kuvutwa mguu, kukunjwa goti mpaka kifuani wala kukandamizwa takoni na kisigino cha mtu. Nevu iliyochubuka ukiivuta inazidi kukasirika. Na ngozi yenye ganzi usiikande na maji ya moto wala chupa ya moto, haitakwambia imeungua.

Kumzoesha mguu kuguswa

Hii haina gharama na ndiyo iliyomsaidia mama kuliko nilivyotegemea, dada wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndo alitufundisha. Nevu ikichubuka inakuwa kama mlinzi mwenye wasiwasi, paka akipita anapuliza filimbi, unamzoesha taratibu kwamba huyu ni paka tu.

Chukua vitambaa vya aina tofauti: pamba, kanga kuukuu, taulo, kitenge kipya chenye gundi yake ya dukani, mwisho kipande cha gunia. Anza na pamba, na anza mbali na panapouma, pale ngozi ilipo sawa, sugua kuelekea panapouma, mgonjwa akiwa anaangalia na ikiwezekana anajisugua mwenyewe. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Inatakiwa isumbue kidogo lakini ivumilike, ikipoa ndani ya muda mfupi ukiacha uko sawa, ikiwaka saa nzima umeenda mbio. Akizoea pamba unahamia kanga. Mama alikaa na pamba siku tisa, mpaka gunia ilikuwa kama wiki ya saba, na hapo tayari alikuwa anavaa soksi mwenyewe kwa ile fimbo ya kuvalishia.

Kwa usiku kabla hajazoea nilichukua katoni kubwa, nikakata pande mbili ikawa kama handaki, nikaiweka kitandani miguu ikaingia ndani na blanketi likapita juu bila kumgusa. Mwezi wa saba Moshi baridi inajulikana, hamuwezi kuacha kujifunika. Katikati ya mapaja weka mto ili asipishanishe miguu.

Mazoezi mengine ni madogo madogo: kupandisha na kushusha unyayo mara kumi kila saa akiwa macho, kukaza makalio na kuhesabu mpaka tano, kukaza paja kwa kusukuma goti chini kitandani, na kutembea kidogo mara nyingi, sio siku moja mpaka barabarani halafu siku mbili kitandani. Kuna mazoezi ya kutelezesha nevu, hayo asijifunzie kwenye video, fizio amuonyeshe. Na masharti ya nyonga yanabaki palepale kwa muda aliosema daktari, kwa wengi wiki sita mpaka kumi na mbili: hakuna kuchuchumaa, kukunja nyonga kupita pembe mraba wala kukunja nne. Kwa hiyo choo cha shimo kinataka kiti. Cha plastiki kilichotobolewa kinapasuka, tulichomelesha cha chuma kwa fundi pale Majengo chenye mikono ya kushikia. Sofa zetu zile za kuzama nazo hazifai, tuliongeza kipande cha godoro la inchi nne chini ya mto wa kukalia.

Ndala iliyobaki njiani

Mwezi wa pili baada ya operesheni mama alitoka uani na magongo yake, akafika mlangoni mguu mmoja peku. Ndala imebaki kule nyuma kwenye tope na hana habari. Ndo nikajua kwamba zaidi ya kuuma kuna ganzi, na nikaanza kusikiliza anavyotembea: mguu mzima unatua kimya, ule mwingine unapiga pa, pa, pa kama mtu anapiga kofi sakafuni. Unyayo haupandi. Kupima nyumbani ni rahisi, akae kwenye kiti, visigino chini, aambiwe ainue vidole vya miguu yote miwili vielekee ugoko, linganisha.

Kwa hilo kuna kifaa cha plastiki kinachoingia kwenye kiatu na kupanda nyuma ya shavu la mguu, kinashika unyayo usidondoke. Huku kwetu tuna bahati, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kipo tangu 1981, wanapima mguu wako na kutengeneza, sio lile limoja la kumvalisha kila mtu. Kabla ya kwenda uliza bima yako inagharamia nini, usiulizie ukiwa dirishani. Kikianza kuvaliwa angalia ngozi kila jioni, wekundu usioisha baada ya nusu saa maana yake kinabana, kirudishwe kirekebishwe. Na hata kama amevaa, kisigino kinyooshwe kila siku, unasukuma unyayo juu taratibu goti likiwa limekunjwa kidogo, uhesabu mpaka thelathini, bila hivyo unyayo unakaza ukiwa umeelekea chini na siku nevu ikiamka haina cha kuinua.

Mguu wenye ganzi ukaguliwe kila usiku kwa tochi, katikati ya vidole na chini. Viatu vya kufunika au sandozi zenye mkanda nyuma, jiko la mkaa likae mbali, maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko.

Itachukua muda gani? Nevu inaota kama milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi kama unataka kuzungusha. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kutoka takoni mpaka kwenye kidole gumba, gawanya. Kwa mama ilikuja karibu miaka miwili na nusu, alinyamaza, akasema migomba nayo anaisubiri. Wengine nevu imechubuka tu haikukatika, wanapona ndani ya miezi mitatu mpaka sita, na wengine inabaki kidogo maisha yote. Siafu wakihama kutoka pajani kushuka ugokoni inaweza kuwa dalili nzuri, nevu inaota. Kipimo cha umeme wa nevu nacho usikikimbilie wiki ya kwanza, kinasoma vizuri kuanzia wiki ya tatu au ya nne.

Daftari

La kurasa arobaini linatosha. Unaandika siku, saa, sehemu, neno alilotumia, namba kati ya sifuri na kumi, na kilichotangulia. Yetu ilikuwa hivi:

Jumanne saa nane usiku, ugoko, moto, 8, blanketi limeteleza.
Jumatano mchana, kidole gumba, shoti tatu, 6, amekaa kanisani muda mrefu.
Alhamisi, amelala mpaka saa tisa, 4, dawa saa moja jioni. Kizunguzungu asubuhi.

Daktari ana dakika chache na foleni iko nje, ukimpa ukurasa kama huo anapandisha au kushusha dozi hapohapo badala ya kubahatisha. Siku ya kwanza kulipeleka ndo aligundua kwamba shoti zinakuja akikaa muda mrefu kwenye benchi gumu, mto mdogo ukatatua nusu ya tatizo.

Safari ya kliniki

Bodaboda hapana, na daladala ya kujikunja hapana. Tulikuwa tunakodi Noah, kiti cha mbele kimerudishwa nyuma mpaka mwisho na kuongezewa mto, juu yake rambo. Anakaa kwanza mgongo ukiangalia ndani, miguu bado nje, halafu anazunguka taratibu rambo likiteleza na mwili wote unageuka kwa pamoja bila kuisokota nyonga. Mara mbili alienda kwa kaka Arusha, ni kama kilomita themanini, tukasimama Boma Ng'ombe na tena Usa River, anashuka anatembea dakika tano na magongo kandokando ya gari, dereva ananuna kidogo. Mwambie kabla ya kupatana bei.